Muulize Sonara: Vifungo vya Kizibao cha Gikomba

SWALI: Shikamoo Bi Sonara. Juzi nilinunua kizibao cha mtumba pale Gikomba, sufi nzito ya kijani, shilingi 350. Kina vifungo sita, ukubwa wa sarafu ya shilingi 10, vyenye sura ya mwanamke aliyejitanda ushungi. Vitano vinang'aa. Cha chini kabisa kimeingia weusi, na ni kizito kuliko wenzake. Fundi wangu wa nguo anasema vile vitano ni fedha tupu, nivikate anipe shilingi 1,000, na kile cheusi nikisugue kwa dawa ya meno. Nifanyeje?
Msomaji, Kayole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkasi uweke chini kwanza.

Mwanamke huyo namjua tangu utotoni. Ni Malkia Maria Theresa wa Austria. Babu yangu alikuwa sonara Lamu, na riale, sarafu kubwa za fedha zenye sura hiyo, ndizo alizoyeyusha akafua vikuku na furungu. Kabla ya kuitia riale motoni, aliipitishia kidole gumba ukingoni kuzipapasa herufi zilizoinuka, kisha akahesabu lulu kwenye broshi ya begani. Zisipotimia, mwenye riale alirudishiwa riale yake. Zote ziliandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia, na ziliendelea kupigwa kwa tarehe ileile muda mrefu baadaye, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu waliiamini sura hiyo.

Kizibao chako, kwa sufi hiyo na vifungo hivyo, nakiona kimetoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani, au kwa majirani zao wa Austria. Vazi la kienyeji la huko hupambwa kwa vifungo vya fedha, na vingine ni sarafu halisi zilizolehemewa kitanzi nyuma. Mkulima mwenye mali aliivaa akiba yake kifuani, kama bibi zetu walivyoivaa mikononi na miguuni.

Sasa tuje kwenye vyako. Riale halisi ina upana wa sentimita 4 hivi na uzito wa gramu 28. Katika kila sehemu 1,000, fedha ni 833. Sita zingefika gramu 168, na kizibao kingening'inia upande mmoja. Vyako ni vidogo mno. Sura ni ya malkia, lakini riale si zenyewe.

Vile vitano vinavyong'aa ndivyo vinavyonitia shaka. Fedha ikikaa na sufi huingia weusi, maana sufi ina salfa ndani yake, na moshi wa jiji huongezea. Kifungo kilichokaa kabatini, kikasafiri ndani ya robota, kikafika Gikomba kingali cheupe, aghalabu ni mchanganyiko wa shaba na nikeli. Usihangaike na sumaku: fedha haivutwi, na mchanganyiko huo nao hauvutwi.

Kile cheusi ndicho ninachokitaka mimi. Nadhani ndicho cha asili, na wenzake walipotea au waliuzwa, mtu akashona vya bei rahisi mahali pao. Kigeuze uangalie kando ya kitanzi. Ukiona alama au maandishi yamekatizwa na kulehemu, hiyo ilikuwa pesa kabla ya kuwa kifungo. Ukikuta nyuma tupu, kilitengenezwa kiwe kifungo tangu mwanzo, na bado chaweza kuwa fedha.

Dawa ya meno hapana kabisa! Ina chembe zinazokwaruza, na ule weusi uliojificha kwenye mikunjo ya ushungi ndio unaoifanya sura ionekane. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukikaushe kwa kitambaa cha pamba, basi. Halafu kipime kwenye mizani ya sonara yeyote hapo Ngara, ukisimama palepale ukitazama, na unitumie uzito pamoja na picha ya nyuma.