Raha ni maumivu yenye kuisha tu?

SWALI: Salama Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi hapa Bukavu, fasi ya Kadutu. Ramadhani magharibi ikifika kopo ya kwanza ya maji iko tamu sana, ya pili kidogo, ya tatu hata sisikii kitu. Rafiki yangu anasema raha ni maumivu yenye kuisha tu, hakuna ingine. Wanafilosofia Waislamu walisemaka nini?

JIBU: Mudogo yangu, rafiki yako yuko na mtu mukubwa upande wake. Abu Bakr al-Razi, daktari wa Rayy kule Iran, aliyekufa mwanzoni mwa karne ya 10, alifundisha vile vile, raha ni mwili kurudia hali yake ya kawaida kiisha kutolewa. Mfano wake ni mtu mwenye alikuwa amekaa kivulini, akatoka kwenye jua likamuchoma, akarudi pale pale, sasa kivuli anakisikia kitamu kabisa, lakini mwili ukishatulia utamu unapotea na kivuli kingali pale. Njo maji yako ile.

Kwa mwili namukubalia. Lakini si yote, hapana! Juu uso muzuri ukiuona ghafla, hukuwahi hata kuutamani, unafurahi, sasa maumivu gani yalitangulia? Waliokuja nyuma walimupinga kwa hoja kama hiyo.

Mimi nasimama na Ibn Sina (980–1037), daktari na mwanafilosofia. Kwake raha ni kufikia kitu kinachokufaa na kukutimiza, na pia kutambua kwamba umekifikia. Yote mawili lazima, ndiyo maana mugonjwa anaweza kukataa kitu kitamu, kiko mudomoni lakini hakitambui hivyo. Tena anasema hata mucheza sataranji, ule muchezo wa ubao (échecs), akiona ushindi uko karibu anaweza kuletewa chakula akakiacha, kwa hiyo raha za tumbo si ndizo zenye nguvu zaidi. Al-Ghazali (1058–1111), mwanachuoni wa dini, alimupinga Ibn Sina kwa mengi, lakini hapa wako karibu: jicho raha yake ni sura nzuri, sikio ni sauti nzuri, na moyo ni kumujua Mungu, na hii ya moyo kifo hakiikati.

Rafiki yako akisema hajawahi kuisikia raha hiyo ya moyo, usimucheke. Ibn Sina anatoa mfano wa kiziwi, hawezi kuwaza utamu wa muziki, lakini anaweza kuwa na hakika kwamba uko.