Boti haipiti barabarani, mbona inalipia?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina pikapu kuukuu ya kupelekea samaki sokoni na boti ya mashine ninayovulia. Kijana wangu aliyeko Marekani ameniambia kuwa jimbo analoishi linapendekeza kupandisha kwa mpigo ada za madereva na kodi ya petroli. Huku kwetu rodi laiseni iliondolewa, tukaambiwa tutalipia kwenye mafuta. Je, wanaoonewa ni wao au ni sisi?
Msomaji, Sahare, Tanga

JIBU: Kwanza tutenganishe mambo mawili. Iliyofutwa na bajeti ya mwaka 2017/18 ni ada ya mwaka ya leseni ya gari. Leseni ya udereva ilibaki, na bajeti ya 2019/20 iliipandisha kutoka shilingi 40,000 hadi 70,000, ingawa kwa kuwa muda wake ulirefushwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, nyongeza hiyo haifiki shilingi 700 kwa mwaka.

Pengo la rodi laiseni lilizibwa kwa shilingi 40 katika kila lita ya petroli, dizeli na hata mafuta ya taa, maana haya ya mwisho yakiachwa kuwa rahisi mno, wachakachuaji wanaoyachanganya na dizeli hupata kazi. Kwa pikapu yako ilikuwa nafuu: kusi ikivuma ukashinda nyumbani wiki tatu, gari lililolala halidaiwi kitu, ilhali zamani ungelilipia mwaka mzima hata kama limekaa juu ya mawe.

Kidonda kiko kwenye boti, kwani pampu ya kituoni haiulizi petroli inakwenda tangi gani. Tuseme unachoma lita 15 kila utokapo na unatoka mara 25 kwa mwezi: zile shilingi 40 peke yake ni 15,000. Ongeza shilingi 100 kwa lita zilizowekwa na bajeti ya 2023/24 kwa ajili ya miradi ya kimkakati, unafika 52,500 kila mwezi, nasi tumehesabu nyongeza mbili tu.

Marekani wana shida ya namna nyingine. Oregon ilianza kutoza kodi ya petroli mwaka 1919, na majimbo mengine yakafuata. Lakini kodi ya serikali ya shirikisho, senti 18.4 kwa galoni, haijapanda tangu 1993, wakati gharama za lami hazikungoja. Zaidi ya hayo, magari mapya yanakunywa mafuta kidogo na ya umeme hayanywi kabisa, ndiyo maana majimbo mengi yameweka ada ya mwaka kwa magari ya umeme. Jimbo linapopandisha vyote viwili, huwa linamfuata anayechoma petroli na asiyechoma. Mwenye gari la kawaida, kama kijana wako pengine, hubanwa pande zote mbili.

Kwa maoni yetu, basi, pikapu yako imependelewa kuliko gari la kijana wako, na boti yako ndiyo iliyoonewa. Huko kwao mvuvi wa biashara anaweza kudai arejeshewe kodi ya shirikisho aliyolipa kwenye petroli ya chombo chake, kwa kuwa haikutumika barabarani. Hilo ni la kumpelekea mbunge wako, nawe usiende mikono mitupu: tunza risiti za petroli ya boti mbali na za pikapu, kuanzia mwezi huu.