Simu unayo, pleya ya MP3 ya nini?

Wanaoniona na kidude changu mfukoni huniuliza: kwani simu haitoshi? Kwa wengi inatosha. Hata Apple, walioitoa iPod mwaka 2001, waliachana nayo mwaka 2022, kazi yake ikiwa imeshahamia kwenye simu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, angalia nyimbo zako zinakaa wapi. Kama unasikiliza kwa bando kupitia Boomplay au Spotify, pleya ya bei rahisi haitakufaa kitu. Nyimbo ulizopakua humo hufunguka ndani ya programu yenyewe tu, huwezi kuzikopi ukazitia kwenye memori kadi. Pleya za Android zinazoendesha programu hizo zipo, ila kwa bei yake unapata simu nzima.

Mimi ni mtu wa taarabu, tena zile za zamani, nilizozihamisha kutoka kwenye kanda na CD. Wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 15. MP3 ya kbps 128 (kipimo cha data inayotumika kwa kila sekunde ya wimbo) hula kama MB 1 kwa dakika, hivyo kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 500. Nikiwa nafua au napika, hakuna simu inayoingia ikakata shairi katikati, na jioni bado nina chaji ya kutuma pesa. Kwangu hilo peke yake limelipa gharama.

Lakini mshindani hasa wa pleya si simu janja, ni kitochi. Vitochi vingi vina sehemu ya memori kadi, tundu la eafoni, redio ya FM na betri ya kubadilisha, na chaji hukaa siku kadhaa. Kama kipo kabatini, tia kadi ujaribu kwanza. Anayemnunulia bibi yake wala asihangaike na pleya. Vitufe vya kitochi bibi anavijua.

Ukishikilia kununua pleya, chukua yenye skrini. Zile za kubana kwenye shati nyingi hupiga nyimbo kwa mpangilio uliozikopi, si kwa majina, na ukiweka nyimbo 300 utabonyeza mpaka kidole kiume. Utapeli wenyewe uko kwenye memori kadi: imeandikwa GB 64, ndani ni GB 8, na kompyuta nayo inaamini hiyo 64. Ijaze yote, kisha fungua nyimbo ulizoingiza mwisho. Zikigoma, irudishe dukani siku hiyohiyo. Kwenye Windows ipo programu ya bure, H2testw, inayofanya kazi hiyo.

Eafoni zinazokuja kwenye boksi ziache humohumo. Nunua nyingine, hata kama zitakaribia bei ya pleya.