Anzeni na kanda za sauti

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: serikali ikiwa na fedha za jambo moja tu katika kuhifadhi urithi wa utamaduni, ianze na lipi? Jibu langu ni kanda. Nasema zile kaseti na riili, yaani magurudumu ya utepe wa sauti, zilizorundikana kwenye makabati ya redio za taifa, vyuo vikuu na makumbusho, zenye ngano, nyimbo na masimulizi ya wazee ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Najua wengi watataja majengo ya kale, nami nayapenda. Lakini ukuta wa mawe ukianguka, mawe yake yapo, fundi ataanzia hapo. Sauti ikishatoka kwenye kanda haiachi hata kifusi.

Niliwahi kufanya kazi miezi kadhaa kwenye chumba cha nyaraka cha taasisi moja, nikinakili kanda kuziingiza kwenye kompyuta. Siku moja nilifungua boksi nikakuta riili imeota ukungu mweupe pembezoni, kama imenyunyiziwa unga. Nikaisafisha taratibu, nikaiweka kwenye mashine. Bibi mmoja akaanza kusimulia, sauti kavu, yenye vituo virefu. Dakika ya nne ikaanza kufifia, kama anazungumzia ndani ya mtungi. Nikazima. Kwenye kichwa cha mashine, pale kinaposoma utepe, palikuwa na tope la kahawia, na lile tope ndilo lililobeba maneno yake. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku kwenye utepe hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, ikalainika. Ukiizungusha kanda, chembe zinabanduka.

Mashine nazo zinakwisha. Viwanda vingi viliacha kuzitengeneza zamani, vipuri ni vya kuokoteza, na mafundi wanaozijua wanastaafu. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilionya kwamba kanda za sumaku zisizohamishiwa kwenye dijitali kufikia 2025 huenda zisiokoleke tena. Mwaka huo tumeshaufikia.

Halafu kanda haikimbizwi. Ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja, mbali na kuisafisha na kuiandikia maelezo. Chukua hifadhi yenye saa 10,000: mashine moja ikizunguka saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, kazi itakwisha baada ya miaka 5. Ndiyo maana sina imani na miradi ya mwaka mmoja ya wafadhili, ambayo fedha zikikata chumba kinafungwa. Liwepo fungu la kudumu kwenye bajeti ya taifa, na mafundi wenye ajira.

Nakala nazo zisikae chini ya paa moja. Septemba 2, 2018, Makumbusho ya Taifa ya Brazil, Rio de Janeiro, yaliteketea. Mkusanyiko wake ulikuwa wa vitu takribani milioni 20, na mabomba ya zimamoto yaliyokuwa karibu hayakuwa na maji ya kutosha. Miongoni mwa vilivyoungua ni rekodi za lugha za wenyeji, nyingine za lugha ambazo hazina tena msemaji hata mmoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Diski chache katika mji mwingine zingetosha kuziokoa.

Kuna rekodi pia zilizo ng'ambo. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ina sauti za watu wa mabara mengi zilizonaswa kwenye silinda za nta, zilizotumika kurekodi kabla ya kanda. Mataifa zilikotoka yadai nakala, na nakala hizo zifike kwa jamii zenyewe, zisiishie wizarani.

La mwisho, na hili halina gharama kubwa: wazee walio hai wasikilizishwe kanda hizi sasa. Wao ndio wanaoweza kusema huyu ni fulani, na hapo anaimba habari ya msiba gani. Boksi la yule bibi lilikuwa limeandikwa "Bibi, hadithi 3", basi. Riili ilikuwa ya dakika 30, tukaokoa 22. Mpaka naondoka pale, hakuna aliyekuwa amelijua jina lake.