Homa za jioni, feritini ya juu na ugonjwa wa Still kwa watu wazima

Swali: Nina umri wa miaka 31. Kwa wiki tano nimekuwa nikipata homa kali kila jioni, koo linauma, na vifundo vya mikono pamoja na magoti vimevimba. Kipimo cha baridi yabisi hakikuonyesha kitu, lakini feritini imefika nanogramu 6,000 kwa mililita. Daktari anasema ni ugonjwa wa Still. Je, nina chuma kingi mwilini? Na amejuaje, ikiwa hakuna kipimo kilichothibitisha?

Jibu: Pole sana, ndugu msomaji. Ugonjwa wa Still ni ugonjwa nadra ambapo mfumo wa kinga huchachamaa na kuleta homa na uvimbe wa viungo. Feritini ni protini inayohifadhi madini ya chuma, lakini mfumo wa kinga unapochachamaa protini hiyo humwagika kwa wingi katika damu, hata kama akiba ya chuma ni ya kawaida. Kwa hiyo usijinyime vyakula vyenye chuma kwa sababu ya namba hiyo pekee. Feritini iliyozidi mara tano ya kikomo cha kawaida huipa nguvu shaka ya ugonjwa wa Still, ingawa haiuthibitishi, kwa kuwa maambukizi makali na baadhi ya saratani huipandisha vilevile.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Ugonjwa huu, ambao daktari Mwingereza Eric Bywaters aliueleza kwa watu wazima mwaka 1971, hauna kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Madaktari wengi hutumia vigezo vya Yamaguchi vya mwaka 1992, ambavyo vikuu ni homa ya nyuzi 39 au zaidi kwa wiki moja au zaidi, maumivu ya viungo kwa wiki mbili au zaidi, upele wa rangi ya waridi iliyofifia, na chembe nyeupe za damu zilizozidi 10,000 kwa mikrolita. Maumivu ya koo ni kigezo kidogo, na vivyo hivyo kipimo cha baridi yabisi kutoonyesha kitu. Matokeo yako, basi, hayampingi daktari wako. Hata hivyo, vigezo hivyo havitoshi kabla ya kuondoa uwezekano wa maambukizi, limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) na magonjwa mengine ya kinga, na una haki ya kumuuliza jinsi alivyoyachunguza hayo. Upele huu hutokea pamoja na homa na mara nyingi huwa umetoweka mgonjwa anapofika kliniki, kwa hiyo ukiuona, upige picha.

Kwa kawaida matibabu huanza na prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ambayo haifai kuachwa ghafla. Ugonjwa ukirudi kila dozi inapopunguzwa, huongezwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga inayomezwa mara moja tu kwa wiki na isiyofaa kabisa katika ujauzito, au dawa zinazozuia intalukini 1 au 6 (protini za kinga zinazochochea uvimbe), kama anakinra na tosilizumabu. Wengine hupata shambulio moja tu. Wengine huandamwa na uvimbe wa viungo kwa miaka, na vifundo vya mikono vinaweza kukakamaa.

Naomba ukumbuke hatari moja. Homa ikiacha kupanda na kushuka ikabaki juu mchana na usiku, ukatokwa na damu kwenye fizi au ukachanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Wakati huo chembe nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zilizokuwa nyingi huweza kushuka haraka, na mgonjwa akadhani anapona, kumbe kinga yake imeanza kushambulia damu na ini.