Maswali na majibu: jeni ya MYC na uvimbe wa taya

Seli zote zina DNA ileile. Nani anaamua jeni ipi ifanye kazi?

Ni protini dhibiti. Kila moja hushika herufi maalumu za DNA, kisha huita kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA, au hukifungia njia. MYC, mojawapo ya protini hizo, haishiki DNA ikiwa peke yake. Huungana kwanza na mwenzake MAX, ndipo wawili hao hushika herufi sita: CACGTG. Jeni zinazoamka hapo ni za kutengeneza ribosomu (mashine za seli za kuunda protini), kutumia sukari na kugawanya seli.

Hilo linahusiana vipi na limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu inayovimbisha taya?

Denis Burkitt alizieleza taya hizi za watoto zilizovimba mwaka 1958, akiwa daktari wa upasuaji Kampala. Kwa wagonjwa wengi, kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC hukatika kikapachikwa kwenye kromosomu ya 14, jirani na swichi ya jeni ya kingamwili. Saratani hii huanzia kwenye seli B, chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, kwa hiyo swichi hiyo haizimwi. Kwa kawaida nusu ya protini ya MYC huvunjwa ndani ya dakika 20 hadi 30. Hapa inayovunjwa hufidiwa papo hapo. Malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr huandaa mazingira, lakini kinachoendesha seli ni MYC.

Maabara hugunduaje kwamba kromosomu imekatika?

Pande mbili za jeni hupakwa rangi zinazong'aa, moja nyekundu, nyingine kijani. Zikiwa pamoja huonekana njano, zikiachana, pamekatika. Shida ni kwamba kipande cha uvimbe kinachopimwa ni chembamba mno, kisu hupita katikati ya viini vya seli na baadhi ya nukta za rangi hupotea, ndiyo maana huhesabiwa viini vingi. Mkato ulio mbali na jeni pia huweza kukwepa, hivyo jibu la "hapana" si la mwisho.

Mbona hakuna kidonge cha kuizima MYC?

MYC imelegea kama uzi, haina kishimo cha dawa kujishikiza. Kipokezi cha estrojeni nacho ni protini dhibiti, ila kina kishimo cha homoni, na tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, ya miligramu 20 kwa siku hukaa humo. Kwa Burkitt hutumika kemotherapia kama siklofosfamidi, na uvimbe hunywea haraka. Hapo ndipo pa hatari: seli zikifa kwa wingi humwaga potasiamu na asidi ya yuriki, figo zikazidiwa. Dripu na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, hutangulia dozi ya kwanza.