Kwa wanaoanza kupima hali za kwanta: anzeni na fotoni moja

Wadogo zangu mnaosoma kwanta hapa Tanga, kabla hujaiwasha laptopu jiulize kwanza: kipimo nitakachotumia kinahesabu nini? Vipimo vya kutokuwa Gauss, yaani vya kuonyesha hali imeachana kiasi gani na umbo la kengele la Gauss, ni vingi, na kila kimoja kina swali lake.

Hali ya Gauss, kama mwanga wa leza au mwanga uliobanwa, unaimaliza kwa wastani na matriki ya kovariansi (jedwali la mtawanyiko wake). Ndiyo maana njia ya wanafizikia Genoni, Paris na Banaszek ya mwaka 2008 inaeleweka upesi: itafutie hali yako mwenzake wa Gauss mwenye wastani na kovariansi ileile, kisha kwenye entropia (kiasi cha mchanganyiko) ya huyo mwenzake toa entropia ya hali yako. Fanya kwa mkono. Fotoni moja ni hali safi, yaani haina mchanganyiko wa bahati nasibu, entropia yake sifuri. Mwenzake ni mwanga wa joto wenye wastani wa fotoni moja, entropia biti 2. Jibu ni biti 2. Programu yako ikileta namba nyingine, usisogee.

Sasa kasoro yake, na hapa ndipo wengi hupotea. Changanya miale miwili ya leza yenye awamu kinyume, kila mara ukichagua mmoja kwa kurusha shilingi. Kipimo kitasoma zaidi ya sifuri, na cha kwanta pale hakuna, ni bahati nasibu tu! Ukitaka ukwanta wenyewe, tafuta uhasi katika fanksheni ya Wigner, ramani ya hali inayofanana na ramani ya uwezekano ila huweza kushuka chini ya sifuri. Mwaka 1974 Hudson alithibitisha kwamba hali safi isiyo na uhasi ni ya Gauss tu. Hali safi, nasisitiza. Fotoni ikipita njia inayopoteza nusu ya mwanga au zaidi, uhasi unakwisha, lakini haijageuka kuwa Gauss.

Juzijuzi pale Ngamiani vijana wawili walibishana mpaka kahawa ikapoa. Katikati ya Wigner ya fotoni moja, mmoja kapata −0.318, mwingine −0.159. Wote sahihi: wa kwanza alitumia programu ya QuTiP, ambayo kwa kawaida huchukua ħ (namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π) kuwa 1, wa pili programu ya Strawberry Fields, ambayo huchukua 2. Kila grafu iandikie ħ yake.

Halafu ongeza ngazi za fotoni, yaani idadi ya juu ya fotoni ambayo programu inahesabu, tuseme kutoka 20 hadi 40, uhesabu upya. Namba ikihama, ulikata mapema mno.